Mugongo wa muchimbaji mu mikono ya kine: kitu gani kinakungojea?

Mu miji yetu ya mine, tangu Kipushi mupaka Kolwezi, kupitia Likasi, Kambove na Fungurume, kuna neno moja ambalo watu wa kazi wanalisema asubui mbele ya kusema jambo lingine: mugongo. «Mugongo inaniuma.» Neno hilo limezoeleka sana, hata mutu akilisema hakuna anayegeuka kumutazama. Bibi anamupakaa mafuta ya mentoli, anamusugua kidogo, kisha bwana anavaa kofia ya kazi na anaenda. Siku zinapita, miezi inapita. Siku moja yule bwana anashindwa kuinama avae viatu vyake mwenyewe, na hapo ndipo watu wa nyumba wanaanza kuulizana: tutakula nini?

Leo tunapenda kuongea juu ya njia moja ya matunzo ambayo wengi mu kambi na mu kartié zetu wameisikia, lakini hawaijue vizuri: masaji inayofanywa na kine. Kine ni mutu aliyesomea kinésithérapie, ni kusema kazi ya kutunza mwili kwa mikono na kwa kuutembeza. Wengi wanapewa karatasi na munganga ya kwenda ku kine, na karatasi hiyo inazeekea mu mufuko wa koti. Mumoja anaogopa: «Watanivunja mufupa.» Mwingine anasema: «Ile ni mambo ya batajiri.» Mwingine tena anaona haya kuvua shati mbele ya mutu asiyemujua, ao anaogopa maneno ya bibi wake akisikia neno «masaji». Basi tufuate njia yote pamoja, tangu mulango mupaka mwisho, ili kila mutu ajue kitu gani kinamungojea.

Juu ya nini mugongo wa mutu wa mine unachoka

Mugongo wetu umejengwa na mifupa midogo iliyopangwa mumoja juu ya mwingine. Ku shingo iko 7, ku sehemu ya kifua iko 12, ku kiuno iko 5. Chini yake iko mingine iliyoshikamana na haichezi. Katikati ya ile inayocheza muna kitu laini, sawa vile mutonyo mudogo, kinachopokea uzito. Na pande zote muna minofu inayoshika hiyo mifupa isianguke, sawa kamba zinavyoshika muti wa hema.

Mutu akiinamisha mugongo na kuinua mufuko wa kilo 50 mbali na tumbo lake, mifupa 5 ya kiuno inabeba mara nyingi zaidi ya hizo kilo 50. Kadiri mufuko unavyokuwa mbali na mwili, ndivyo kiuno kinavyoteseka. Kila mutu aliyekwisha kuinua ndoo ya maji kwa mukono ulionyooka anaijua siri hiyo bila kuisomea.

Tena kila kazi ina ubaya wake. Muchimbaji wa mukono anakaa amechutama mu njia ya chini ambamo hawezi kusimama, kisha anapandisha mufuko. Mwenye kuendesha kamyo kubwa ya mine anakaa saa nyingi akitikisika, na kule kutikisika kunaingia mu kiuno kidogo kidogo. Mwenye mashine ya kutoboa jiwe anapata maumivu ku mikono, ku mabega na ku shingo. Wamama wanaosafisha na kuchagua mawe wanainama mu maji tangu asubui mupaka magaribi, na wakirudi nyumbani bido ya maji inawangoja. Na mutu wa zamu ya usiku analala muchana, batoto wanacheza, redio inalia, minofu haipumziki.

Munofu uliotumika kupita kiasi unakaza. Ukikaza unauma, na ukiuma mutu anaulinda: anatembea wima sawa ubao, anaogopa kugeuka, anaogopa kukohoa. Ule ulinzi nao unaukaza munofu zaidi, na maumivu yanaongezeka. Ni muzunguko. Masaji nzuri kazi yake ni kukata ule muzunguko pa nafasi moja, ili mutu aanze tena kutembea bila woga.

Wala tusiwaze kama ni shida ya watu wa Katanga peke yao. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linahesabu kama mu mwaka wa 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mu dunia nzima. Hakuna ugonjwa mwingine unaofanya watu wengi zaidi waishi na kilema cha mwili. Kwa hiyo muchimbaji anayesema mugongo unamuuma hana sababu ya kuona haya.

Masaji ya kine ni nini, na siyo nini

Neno kinésithérapie limetoka mu maneno mawili ya Kigiriki: moja linasema mwendo, lingine linasema matunzo. Mu mwaka wa 1813, Per Henrik Ling wa Sweden alianzisha mu Stockholm chuo cha kufundisha mazoezi ya mwili, na mu mazoezi yake kulikuwa pia ya kutunza wagonjwa. Nyuma yake, munganga mumoja wa Uholanzi, Johan Georg Mezger, alipanga kazi ya mikono mu sehemu, na mupaka leo kine wa Lubumbashi na kine wa Brussels wanaziita kwa majina yale yale ya Kifaransa: effleurage, pétrissage, friction, tapotement. Mu inchi yetu kazi hiyo inafundishwa mu masomo makubwa ya uganga. Haiko kazi ya mutu aliyeamuka asubui moja na kununua chupa ya mafuta.

Tunasema hivyo juu neno «masaji» limechafuliwa. Mu miji mikubwa kuna nyumba zenye taa nyekundu zinazoandika neno hilo ku mulango, na kila mutu anajua nini kinauzwa ndani. Ndiyo maana bibi mwenye akili anauliza maswali bwana akisema anaenda kufanyiwa masaji. Ana haki ya kuuliza. Lakini jibu ni rahisi: masaji ya kine inafanywa ku hospitali, ku dispensaire ao mu chumba cha matunzo kinachojulikana, kwa karatasi ya munganga, muchana, na mulango haufungwe kwa ufunguo. Mugonjwa anaweza kuja na mutu wa jamaa akae naye mu chumba. Bwana mwenye kuogopa maneno, aende na bibi wake siku ya kwanza. Bibi ataona kwa macho yake, tena atajifunza kitu cha kumusaidia nyumbani.

Na tuseme pia kitu ambacho masaji haiko. Haitengenezi mufupa uliovunjika. Hairudishi mutonyo wa mugongo uliopasuka. Haiponyeshi kifua kikuu wala maambukizo. Kazi yake ni minofu, ngozi, mishipa na woga. Ni mulango wa kuingilia, na nyumba yenyewe ni mazoezi. Mu mwezi wa 12 wa mwaka 2023, OMS ilitoa mashauri juu ya maumivu ya kiuno yanayodumu. Iliweka masaji mu matunzo yanayoweza kusaidia, pamoja na mafundisho kwa mugonjwa na mazoezi. Lakini ilisema pia kama mikaba ya kufunga kiuno haifai kutumiwa kwa desturi, wala dawa kali za kundi la afyuni. Tramadol ni ya kundi hilo, ile inayouzwa pembeni ya barabara na wengine wanaimeza ili washuke mu shimo. Dawa hiyo inanyamazisha maumivu, mutu anabeba tena uzito juu ya kidonda asichokisikia, na siku inakuja ambapo hawezi tena kuiacha.

Mbele ya kulala ku kitanda

Wengi wanafikiri watafika, watalala, watasuguliwa. Haiko hivyo. Mara ya kwanza kine anatumia wakati mwingi kuuliza. Maumivu yalianza lini? Yalianza kwa gafula, ukiinua kitu, ao yalikuja pole pole? Yanashuka mu muguu? Yanakuamusha usiku? Unafanya kazi gani, na mwili wako unakaa namna gani saa nyingi? Ulikwisha kuanguka? Unakamata dawa gani?

Hapa tunawaomba ndugu zetu waseme ukweli wote. Kuna mutu anaficha kama alianguka mu shimo, juu anaogopa chefu asikie. Kuna mutu anaficha dawa za barabarani, chanjo za wembe, ao pombe anayokunywa ili alale. Kine haiko polisi, na mambo ya mugonjwa ni siri ya kazi. Akikosa kujua kama unakamata dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, anaweza kukuachia vidonda vya damu chini ya ngozi. Akikosa kujua kama mama ana mimba, anaweza kumulaza vibaya. Mwenye ugonjwa wa sukari aseme, mwenye mapigo ya damu ya juu aseme.

Kisha atakuomba usimame, uiname mbele, uiname nyuma, ugeuke kushoto na kuume. Atakulaza na kuinua muguu wako ukiwa umenyooka: kama maumivu yanapita sawa umeme tangu kiuno mupaka chini ya goti, ni alama kama mushipa mukubwa wa muguu umeguswa. Atapiga goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Atakuomba usukume mukono wake kwa kidole kikubwa cha muguu. Usicheke: kwa mambo hayo madogo anajua kama mushipa unafanya kazi ao hapana.

Nini uje nayo? Karatasi ya munganga. Picha ya radio kama ulikwisha kuipiga. Majina ya dawa zako, ao vipakiti vyake. Vaa nguo nyepesi na safi, kaputula ndani ya suruali itakusaidia. Oga ukiweza, lakini kama umetoka moja kwa moja ku kazi na vumbi iko ku mwili, sema tu, hakuna kine wa hapa asiyejua vumbi ya mine. Usile sana saa ile ile, juu utalala kwa tumbo.

Mikono ikianza

Utavua paka nguo za sehemu inayotunzwa. Kwa mugongo, ni shati. Kwa kiuno, utashusha mukaba kidogo. Sehemu zingine zote zinafunikwa na kitambaa. Kine anapashwa kukuambia kitu anachotaka kufanya mbele ya kukifanya, na wewe una haki ya kukataa. Mama anayependa kutunzwa na mwanamuke aombe hivyo bila haya. Mutu yeyote akiweka mukono pasipo sababu ya ugonjwa, hiyo haiko tena kazi ya matunzo: simama, vaa, toka, na useme kwa wakubwa wa ile nyumba.

Utalala kwa tumbo, mara nyingi na mutonyo chini ya tumbo ao chini ya miguu ili kiuno kisijipinde. Kama kulala kwa tumbo kunakuumiza, watakulaza kwa ubavu. Kine atatia mafuta kidogo ku mikono yake, siyo juu mafuta ni dawa, ni juu mikono iteleze isikwaruze ngozi.

Anaanza na kupapasa pole pole, kwa kiganja kizima, tangu kiuno kupanda mupaka mabega. Hiyo ndiyo effleurage. Wengi wanashangaa: «Ni hii tu?» Ngoja. Anatafuta mahali palipokaza, na anazoesha mwili wako kwa mikono yake. Kisha anaanza kukanda, sawa mama anavyokanda unga wa mikate: anakamata munofu, anauinua, anaufinya na kuuacha. Hiyo ni pétrissage. Halafu anaweka kidole gumba ao ncha za vidole pa fundo lenyewe na kuzungusha palepale kwa nguvu. Hiyo ni friction, na hapo ndipo utakaza meno. Mara zingine anamalizia na kupiga kidogo kidogo kwa pembeni ya mikono, ao kutikisisha munofu.

Inauma? Ndiyo, kidogo. Lakini kuna maumivu ya namna mbili. Moja ni ile ambayo mutu anasema «aah, ni hapo hapo», na anaendelea kupumua. Ingine inamufanya ashike kitanda na kufunga pumuzi. Ya kwanza inafaa, ya pili hapana. Kine wengi wanauliza: kati ya 0 na 10, unasikia maumivu ngapi? Usijibu 2 juu unataka kuonekana mwanaume. Ukisema uongo, anaongeza nguvu, na munofu unaojilinda unakaza zaidi. Nguvu nyingi haiko alama ya kine muzuri. Kazi ya kutoboa jiwe na kazi ya kulegeza munofu hazifanani.

Wengine wanalala usingizi, wengine tumbo linanguruma, wengine machozi yanatoka bila kujua sababu. Mambo hayo yote ni ya kawaida. Mwili uliokaza miaka mingi, ukilegea, unaleta habari zake.

Masaji yenyewe mara nyingi haipite nusu saa. Nyuma yake kine atakusimamisha na kukufundisha mazoezi. Usitoroke saa hiyo! Wengi wanavaa na kukimbia, juu wanawaza matunzo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza.

Ukifika nyumbani

Siku ile ile na kesho yake unaweza kusikia mwili umechoka, sawa mutu aliyelima shamba nyuma ya miezi mingi. Hiyo inapita mu siku moja ao mbili. Kama maumivu yanaongezeka siku ya tatu, ao muguu unaanza kufa ganzi, rudi useme. Wengine wanaambiwa wakunywe maji mengi ili «kutoa sumu». Maji ni mazuri kwa mutu anayetoka jasho mu shimo, lakini masaji haitoe sumu yoyote mu mwili. Usilipe feza zaidi kwa maneno hayo.

Usilale kitandani siku nzima. Zamani waganga walikuwa wanasema mutu wa kiuno alale wiki mbili. Leo wanasema kinyume: tembea, fanya kazi ndogo ndogo, usiache mwili ukaze tena. Paka kazi nzito ndiyo ya kuacha kwa wakati kine ao munganga atakaokuambia.

Mara moja haitoshe. Kine atakupa hesabu ya kurudi, labda mara mbili ao tatu kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na kila mara atapima tena kama unainama zaidi. Kama mara sita zimepita na hakuna kitu kilichobadilika, kine wa kweli atakurudisha kwa munganga. Yule anayeendelea kukamata feza bila kupima kitu, muache.

Mazoezi haya matatu yanafundishwa sana, na hayaombe chombo chochote. La kwanza: lala chali ku mukeka, vuta goti moja mupaka kifuani, hesabu 20, badilisha. La pili: lala chali, kunja magoti, inua matako hewani, hesabu 5, shusha, mara kumi. La tatu: piga magoti na mikono chini sawa muntu anayepangusa sakafu, pandisha mugongo sawa paka mwenye hasira, kisha ushushe pole pole. Asubui na magaribi, dakika kumi. Zoezi likituma maumivu mu muguu, acha na umuulize kine.

Alama ambazo haziruhusu masaji

Hapa tunaomba kila mutu asome mara mbili, na asomee wale wasiojua kusoma. Kuna maumivu ya mugongo ambayo hayapashwe kusuguliwa na mutu yeyote mbele ya munganga kuyaona:

– Mutu aliyeanguka ao aliyeangukiwa na udongo ao jiwe. Mufupa unaweza kuwa umevunjika. Asisuguliwe, asivutwe, asinyooshwe. Alazwe ku ubao na kupelekwa hospitali.

– Mutu ambaye mukojo unamutoka bila kujua ao haumutoki tena, ao nafasi ya katikati ya mapaja imekufa ganzi, ao miguu inalegea. Hiyo ni ya kukimbia hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Kungojea kesho kunaweza kumuacha kilema.

– Mutu mwenye homa, anayekonda, anayetoka jasho usiku, na mugongo unaomuuma hata akilala. Kifua kikuu hakikai mu mapafu tu, kinaweza kula mifupa ya mugongo. Watu wa mine ambao vumbi ya jiwe imeharibu mapafu yao wanapata kifua kikuu kuliko wengine. Wasugue miezi sita, hautakuwa umetunza kitu.

– Mutu mwenye muguu mumoja uliovimba, wenye moto na unaouma ku kitumbo cha muguu. Inaweza kuwa damu iliyoganda. Ukisugua, ile damu inaweza kuondoka na kwenda ku mapafu, na mutu anakufa.

– Mahali penye kidonda, jipu ao ngozi iliyooza.

Mikono ya nyumbani

Hatusemi kama mabibi na batoto waache kusaidia. Kitambaa kilichochovywa mu maji ya moto na kukamuliwa, kiwekwe ku kiuno dakika 15, kinalegeza munofu. Kupapasa pole pole kwa mafuta ya mawese ao ya karanga, kwa kiganja kizima, pembeni ya mufupa wa katikati na siyo juu yake, ni kitu kizuri. Hata nguvu yake ya kwanza ni kuonyesha mutu kama maumivu yake yameonekana.

Lakini kuna desturi za kuacha. Wababa wengi wakirudi ku kazi wanalala chini na kuita mutoto: «Kuya unikanyake ku mugongo.» Mutoto ni mwepesi akiwa na miaka 3, lakini akiwa na miaka 8 kisigino chake kinatosha kuumiza ubavu. Desturi ingine ni kuvuta shingo mupaka ilie «ka!». Mishipa ya damu inayopanda mu kichwa inapita pale pale. Mutu asiyejua asiguse. Desturi ya tatu ni kukata kiuno kwa wembe na kuingiza dawa ya unga. Wembe mumoja kwa watu wawili unatosha kupitisha SIDA na ugonjwa wa maini. Na sindano za maumivu zinazochomwa mu farmasia ya kando ya soko, kila wiki, zinatoboa tumbo na kuharibu figo.

Nani analipa?

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inasema muajiri anapashwa kutoa matunzo ya uganga kwa mufanyakazi na jamaa yake. Kwa hiyo mufanyakazi mwenye kontra, hata ya kampuni ndogo inayofanya kazi chini ya kampuni kubwa, asianze kwa kutoa feza zake. Aanze kwa munganga wa kazi na aombe karatasi ya kine. Mugongo ukiumia kwa ajali ya kazi, ajali hiyo iandikwe siku hiyo hiyo, na majina ya walioona, juu CNSS, ile tuliyoizoea kwa jina la INSS, haiwezi kulipa ajali isiyoandikwa. Wengi wamepoteza haki zao paka kwa sababu walirudi nyumbani wakisema «itapita».

Muchimbaji wa mukono hana kontra, tunajua. Hospitali ya serkali na zile za misioni mara nyingi zina bei ndogo kuliko chumba cha mutu binafsi. Uliza bei mbele, uliza hesabu ya siku, uombe resi. Na kama feza inatosha paka mara mbili, umuambie kine hivyo tangu mwanzo: «Nina feza ya mara mbili.» Atatumia siku hizo zaidi kukufundisha mazoezi kuliko kukusugua, na mazoezi utayabeba mupaka nyumbani bure.

Basi, ndugu muchimbaji, ukifika mbele ya munganga usiseme tu «mugongo inauma», juu akisikia hivyo atakupa vidonge na kumuita mwingine. Sema: «Munganga, kiuno kinaniuma tangu mwezi fulani. Kazi yangu ni kubeba, ao kuendesha, ao kutoboa. Maumivu yanashuka mu muguu wa kushoto, ao hayashuki. Usiku ninalala, ao silali. Homa sina. Nakuomba unipime, na kama inafaa unitume ku kine.» Ni dakika moja ya maneno. Na wewe mama, kama bwana ni mutu wa kunyamaza, enda naye uyaseme wewe.